Mungu Alinirudishia Neno Langu

Bwana wa ziwa na wa inchi kavu asifiwe! Asifiwe tena!

Ndugu zangu, ninaona macho yenu. Munashangaa. Hata mama wa kwaya ameacha kujipepea. Munasema ndani ya moyo, Justine anaenda wapi kule mbele, nani amemutuma? Ndugu zangu, hakuna aliyenituma. Nilimuomba Pasta nafasi, na Pasta amenipa. Leo ninasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Ninasema polepole. Munivumilie. Nikinyamaza katikati, musidhani nimemaliza. Nitakuwa ninatafuta neno. Mukianza kunisaidia maneno wote pamoja, nitapotea, itabidi nianze tena toka mwanzo, na bukari zenu zitapoa huko nyumbani. Asante. Chekeni, hakuna ubaya.

Kwa ndugu waliovuka ziwa juzi toka Kilwa, ngambo ya Kongo, na hawanijui: mimi ni Justine, mutoto wa marehemu Mama Feza, yule aliyekuwa anaanika samaki wadogo wa chisense pale Kabuta, karibu na mahali mabwato yanapofikia. Nilizaliwa kwa shida. Nilipotoka tumboni sikulia. Nilichelewa kukaa, nikachelewa kutembea, nikachelewa kusema. Shuleni mwalimu alipokuwa anaeleza kitu cha tatu, mimi nilikuwa bado kwa kitu cha kwanza. Watoto walinipa majina. Sitayasema ndani ya nyumba ya Mungu. Na wakubwa pia waliyatumia majina yale, wengine walicheka nayo, wengine walinionea huruma nayo. Mimi nilikuwa ninasikia yote.

Lakini Mama alikuwa na namna yake. Mama alikuwa ananiuliza. Kitu kikiwa kikubwa, alikieleza kidogo, akanyamaza. Akaendelea na kazi yake. Kesho yake akaeleza tena. Halafu ndiyo anauliza, "Sasa, Justine, unasema nini?" Nilipotaka kubatizwa, watu walimwambia, huyu haelewi ubatizo, utakuwa unamulowesha tu. Mama hakuwajibu. Alinieleza habari za Yesu siku kadhaa, tukiwa tunageuza chisense kwenye muchanga, halafu akaniuliza. Nikasema ndiyo. Niliingia ndani ya maji ya ziwa Mweru kwa miguu yangu. Maji yalikuwa baridi! Nilipiga kelele, na Pasta alishituka karibu aniachilie. Lakini nilijua ninachofanya. Nilijua, ndugu zangu.

Halafu Mama akaugua, akafa.

Dada yangu mukubwa, Yaya Mado, ni mufanyabiashara. Anavuka na vitenge toka Kilwa, anarudi na samaki. Leo yuko ngambo hii, kesho ngambo ile. Hakuwa na nafasi ya kukaa na mimi. Kwa hiyo kilio kilipoisha, Papa mudogo Silvesta, mudogo wake marehemu baba, alinichukua nyumbani kwake hapa Nchelenge.

Papa mudogo yuko pale, kwenye benchi ya mbele. Mumuone. Anajua nitasema nini, nilimwambia nyumbani kabla ya kuja. Sisemi nyuma ya mugongo wake.

Ndugu zangu, Papa mudogo alinitunza. Sitadanganya mbele ya Mungu. Nililala kwenye kitanda kizuri. Nilikula. Nilivaa viatu. Nilipougua alinibeba kwa baiskeli mpaka hospitali. Lakini humo ndani ya nyumba nilianza kupotea. Mutu akisema, "Justine, habari?" Papa mudogo anajibu, "Yuko muzima." Tukienda dukani, "Huyu anataka ya nyekundu." Mimi sipendi nyekundu! Sijawahi kuipenda! Lakini nikifungua kinywa, yeye amekwisha kulipa, tumekwisha kutoka. Akaniondoa kwenye kwaya, juu ya mazoezi yanaisha jua likiwa linazama. Akanikataza kwenda kando ya ziwa. Akawa anasema mahali pangu kila siku, na mimi nikazoea. Ile ndiyo ilinishitua baadaye. Nilizoea! Kinywa kilikuwa pale, lakini kilikuwa cha kulia chakula tu.

Kisha kukatokea jambo kwenye mutaa wetu. Kulikuwa na binti mumoja, kichwa chake kama changu. Mutu mubaya alimuharibu. Akabaki na mimba, na mutu yule akavuka ziwa, hakuonekana tena. Papa mudogo aliposikia, hakula. Alikaa kwenye kiti inje ya nyumba, ananiangalia. Nikipita na ndoo ananiangalia. Nikienda chooni anasimama. Alikuwa anaogopa, ndugu zangu, na kitu alichokuwa anakiogopa kilikuwa cha kweli. Sisi wenye kichwa kama hiki, watu wabaya wanatutafuta. Musiseme hakiko. Kiko.

Siku moja asubuhi akasema, "Justine, vaa vizuri. Tunaenda hospitali kupima damu."

Nikavaa. Tukaenda. Tukaingizwa kwenye chumba cha nesi. Papa mudogo akakaa upande huu, nesi upande ule, mimi katikati. Wakaanza kusema Kibemba. Munajua Kibemba ninakisikia, nimecheza na watoto wa Kibemba toka utoto. Lakini walisema kama vile katikati yao kulikuwa na meza.

Papa mudogo akasema wanifunge kizazi. Wakifunge kabisa. Nisizae hata siku moja. "Takafyale," akasema. Hatazaa.

Ndugu zangu!

Nilikuwa nimekaa pale! Goti langu lilikuwa linagusa goti lake!

Nesi akauliza, "Yeye mwenyewe amekubali?"

Papa mudogo akasema, "Huyu atakubali nini? Haelewi. Mimi ndiye baba yake sasa."

Nesi akasema, "Ni mutu muzima, papa. Mimi siwezi. Yeye akubali, ao ulete karatasi ya koti, ya hakimu, inayosema wewe ni mulezi wake kwa sheria."

"Nikileta ile karatasi, yeye hataulizwa?"

"Utakuwa unasema wewe kwa ajili yake."

Papa mudogo akashukuru. Akasimama. Akanishika mukono, tukatoka. Damu haikupimwa. Njiani akaninunulia Fanta, nikainywa. Muko munasikia? Walikuwa wametoka kusema watanikata tumbo, na mimi nikakunywa Fanta! Sikujua kufanya kitu kingine. Masikio yalikuwa yanalia kama mota ya bwato. Nilikuwa ninaangalia viatu vyangu na kujiuliza kama ni vyangu. Kama tumbo si langu, viatu ni vya nani?

Sijui kama nitazaa. Ninapenda watoto wadogo, wamama wengi hapa wamenipa watoto wao kubeba wakati wa ibada, wanajua. Pengine nitazaa. Pengine nitaona kazi ni kubwa kwangu, niseme hapana. Lakini ilikuwa ni mimi nilipaswa kusema hapana! Ni mimi!

Nilijaribu kuomba, maombi yakakataa. Nilisema neno moja tu. Nilisema, "Mungu, na wewe pia umekwisha kuamua pamoja nao?" Halafu nikaogopa kwamba nimemukosea Mungu, nikajifunika kichwa.

Papa mudogo akaenda koti. Wakamupa siku ya kuja. Akamwambia muke wake wakati wa chakula, na mimi nikiwa pale ninakula. Hakuona haja ya kushusha sauti. Akasema, "Tukimaliza tu koti, hospitali ni kazi ya asubuhi moja, na sisi tutalala usingizi."

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Maana ile siku Mungu aliniamsha miguu. Kinywa kilikuwa kimefungwa, lakini miguu iliamuka. Asubuhi muke wa Papa mudogo alipokwenda sokoni, nilitoka. Nilishuka mpaka bandarini, pale mabwato ya Kilwa yanaposhusha watu na mizigo, nikasimama. Sikujua kama Yaya Mado anakuja siku ile. Nilisimama tu. Wabeba mizigo walinisukuma huku na huku. Jua likawa kali. Bwato likafika, si lake. Lingine, si lake. Nikaanza kulia. Halafu nikasikia mutu anacheka ndani ya bwato la mota lililokuwa linakaribia, na kucheka kule nilikujua.

Yaya Mado alishuka ndani ya maji mpaka magotini, furushi la vitenge kwenye kichwa. Akaniona. Akaacha kucheka.

"Justine! Uko na nani hapa?"

Nikasema, "Niko na mimi."

"Papa Silvesta yuko wapi? Kuko nini?"

Nilitafuta neno. Lilikuwa mbali. Yaya alianza kuuliza, nani amekufa, nani amekupiga, nikamufunga kinywa kwa mukono wangu. Halafu nikasema, "Wanataka kunifunga tumbo. Nisizae. Papa mudogo ameenda koti."

Furushi lilianguka. Lilianguka ndani ya maji, likafunguka, vitenge vikaanza kuelea pale kati ya mabwato, na Yaya Mado hakuviangalia. Watu wengine ndio walivikimbilia. Yeye alinishika mabega akasema tu, "Nini? Nini? Nini?"

Ndugu zangu, mulifikiri hapo nimeokoka. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Tulipofika kwa Papa mudogo, nguo za Yaya zikiwa bado zinatiririka maji, vita ilianza. Yaya alipigia kelele mulangoni. "Papa Silvesta! Huyu ni mbuzi? Ulimuuliza nani?"

"Mado, wewe ulikuwa wapi?" akasema Papa mudogo. "Uko Kilwa, uko Pweto, uko wapi sijui. Akipata mimba ya mutu asiyejulikana, nani atalea? Wewe? Yule binti wa mutaa wetu, ulimuona? Nenda umuone uso!"

"Hata kama! Hata kama!"

"Hata kama nini? Ninamulinda!"

Wakapigana maneno mpaka majirani wakaja kwenye uzio. Halafu Yaya akasema neno, na neno lile lilinipiga kuliko lile la hospitali, juu ya lilitoka kwa mutu ninayemupenda. Akasema, "Basi ni vizuri. Mimi pia nitakwenda koti. Mulezi nitakuwa mimi. Nitamuvusha Kilwa akae na mimi, na wewe hutamuona tena."

Kilwa! Mimi Kilwa sijui mutu! Kaburi la Mama liko Kabuta. Kanisa langu liko hapa. Nikaangalia Yaya, nikaangalia Papa mudogo. Walikuwa wanafanana! Walikuwa wananivuta kama watu wawili wenye kamba moja, na mimi ndiye muzigo. Nilipiga meza kwa mikono miwili. Nikasema kwa nguvu, "Hapana yeye! Hapana wewe!"

Papa mudogo akasema, "Ona, umemutisha."

Yaya akasema, "Wewe ndiye umemutisha."

Hakuna aliyesikia nilichosema. Nilipiga kelele, na walisikia kelele tu!

Majirani waliita Mama Pasta aje kupatanisha. Munamujua Mama Pasta, hapendi kelele. Aliwaacha wale wawili sebuleni wanapumua, akanichukua nyuma, kwenye jiko. Tukakaa. Akachukua bamia zilizokuwa pale akaanza kuzikata, bila kuombwa na mutu. Baada ya muda akasema, "Justine, wewe unataka nini?"

Toka Mama afe, lile swali sikulisikia. Mama Pasta akaendelea kukata bamia. Alikata zote. Akazigusa gusa kama vile anatafuta zingine.

Nikasema, "Ninataka kujua."

"Kujua nini?"

"Wanachosema. Waseme na mimi. Halafu niseme."

Mama Pasta akaweka kisu chini. Akasema, "Mimi mambo ya koti siyajui, mutoto wangu. Lakini siku ile nitakuja kukaa karibu na wewe." Akaniombea. Akamwambia Mungu, "Baba, mufungulie kinywa." Hakuomba kitu kingine. Mimi nilikuwa ninangoja aombe sana, lakini alisema amina, akainuka, akapika zile bamia.

Siku ya koti ikafika. Hakimu alikuwa mwanamuke. Hilo halikunituliza, maana uso wake ulikuwa mukali. Papa mudogo akasimama na nguo zake za ibada. Akaeleza yote vizuri, namna anavyonitunza, namna binti yule alivyoharibiwa, namna mimi nisivyoelewa. Ndugu zangu, alieleza vizuri sana, hata mimi nilianza kukubali! Yaya Mado akasimama, akaeleza kwamba mulezi anapaswa kuwa yeye. Naye pia alieleza vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi kama chombo ambacho wanauliza kitawekwa nyumba gani.

Halafu hakimu akaniangalia. Mimi! Akasema jina langu. Akaniuliza swali kwa Kibemba, refu, lilikuwa na mambo matatu ao mane ndani, kama ninajua kwa nini niko hapa na wanaomba nini na kama ninakubali na kwa nini. Maneno yaliruka kama ndege wakitupiwa jiwe. Sikushika hata moja. Nikafungua kinywa, hakukutoka kitu.

Papa mudogo akasema taratibu, hata kwa huruma, "Unaona, mukubwa? Ndivyo alivyo."

Nikafikiri, basi, imekwisha. Nimepewa nafasi, nimeikosa. Sasa watanikata.

Hapo ndipo Mama Pasta alisimama. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, yeye ambaye hatetemeki kanisani. Akasema, "Muheshimiwa, nisamehe. Ukimuuliza kitu kimoja, halafu umungoje, atajibu. Anakuja, lakini anakuja kwa miguu."

Nilifikiri hakimu atamufukuza. Hakimu alimuangalia. Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. Akasema, "Justine. Unaujua upasuaji ambao baba yako mudogo anauomba?"

Swali moja. Akangoja. Ndugu zangu, alingoja! Mutu mukubwa kama yule, na watu wengine wamejaa inje wanamungoja! Papa mudogo akataka kusema, hakimu akainua kidole. Yaya akataka kusema, kidole kikabaki juu. Mimi nikatafuta neno. Nikalipata. Nikalishika.

Nikasema, "Ni kunikata hapa, nisizae."

"Unataka?"

Akangoja tena.

Nikasema, "Sijui. Hakuna aliyenieleza. Tumbo ni langu."

Ndugu zangu! Nilisema! Roho ya Bwana ilifungua! Nilisikia sauti inatoka, na nikageuka kuangalia nani anasema! Na nilipoanza sikuacha. Nikasema, "Ninataka wanisaidie kuelewa. Sitaki wanichukue."

Yaya Mado akaanza kulia pale pale. Papa mudogo alikuwa ameshika benchi, anaangalia kinywa changu kama mutu aliyeona jiwe linasema.

Hakimu alisema mambo mengi, na Mama Pasta alinieleza tena nyumbani, kidogo kidogo, mpaka nikashika. Alisema kumuwekea mutu mulezi wa sheria ni kumuondolea neno lake katika mambo yote, mahali pa kulala, ndoa, mwili, yote. Hakimu hawezi kufanya jambo lile juu tu ya mutu kuwa polepole. Akasema kuna njia ingine. Mutu anabaki na neno lake, na anachagua mwenyewe watu wa kumusaidia. Wanamueleza. Wanamungoja. Wakiona hatari wanamwambia hatari. Lakini hawasemi mahali pake. Akauliza kama ninataka njia ile. Nikasema ndiyo.

"Unachagua nani?"

Nikasema, "Yaya Mado." Yaya akapanguza macho akatikisa kichwa kukubali.

"Nani mwingine?"

"Mama Pasta."

"Wanatosha?"

Nikangoja. Nilikuwa ninajua ninachotaka kusema, lakini nilijua pia kwamba nikisema, chumba kitapasuka. Nikasema, "Na Papa mudogo Silvesta."

Yaya aliruka! "Justine! Huyu? Huyu aliyekupeleka hospitali kama mbuzi?" Watu wa nyuma wakaguna. Hata hakimu alichukua miwani akaivaa tena. Papa mudogo mwenyewe aligeuka nyuma, kama vile kuna Papa mudogo mwingine.

Hakimu akasema, "Kwa nini yeye?"

Nikasema, "Yeye anaogopa. Yaya haogopi kitu. Mama Pasta anaona watu wote ni wazuri. Ninataka na mutu mumoja anayeogopa, aniambie hatari iko wapi. Lakini mambo ya tumbo, anieleze tu. Asiseme mahali pangu."

Papa mudogo alijifunika uso kwa kofia yake. Tulipotoka inje, kwenye ngazi, alisema, "Justine, nilikuwa ninataka kukulinda."

Nikamwambia, "Ninajua, papa. Hukuniuliza."

Tulitembea mpaka nyumbani wote wane, na nilipoangalia nyuma yeye alikuwa amebeba mufuko wa Yaya.

Ndugu zangu, musifikiri toka siku ile ni raha tu. Kitu cha kwanza nilichosema ni kwamba ninarudi Kabuta, nyumbani kwa Mama. Wote watatu walikataa! Hata Mama Pasta! Lakini hawakunipigia kelele. Walikaa, wakanieleza mumoja mumoja, si kwa pamoja. Mwizi. Ugonjwa bila mutu wa kusaidia. Watu wabaya. Papa mudogo alieleza watu wabaya kwa urefu, alinieleza mambo ambayo hakuna mutu aliwahi kunieleza, namna wanavyokuja, na zawadi, na maneno matamu, na namna ya kupiga kelele, na kwa nani nikimbilie. Nilishituka. Nilikasirika pia. Siku zote walikuwa wananificha ndani ya nyumba, na hawakuniambia ninafichwa juu ya nini!

Niliwaza. Nikasema, "Ninarudi, lakini sitalala peke yangu." Sasa ninakaa Kabuta na mama mumoja mujane, jirani yetu wa zamani, amehamia chumba cha pili. Ninaanika chisense. Nimerudi kwaya, na jioni tunatembea kundi. Juzi niliuza chisense ambazo hazijakauka vizuri, zikaoza njiani, mununuzi akarudi na hasira. Nilikosea. Lakini lilikuwa kosa langu mwenyewe! Munajua utamu wa kukosa kosa lako mwenyewe? Sikuwahi kuuonja. Nilimuomba mutu yule radhi, kwa kinywa changu, na tukaelewana.

Ninamushukuru Mungu. Ninamushukuru kwa sauti, na kama ziwa lingekuwa na masikio lingesikia mpaka ngambo. Nilidhani Mungu amekaa upande wa watu wanaosema upesi. Kumbe alikuwa ananingoja! Wewe unayesema upesi, mwamini. Wewe unayesema polepole, mwamini zaidi, yeye hachoki na wewe. Na wewe mwenye mutoto kama mimi nyumbani, umemufungia ndani kwa upendo, ninajua ni kwa upendo, mulete Jumapili ijayo. Nitakaa naye. Nitamuuliza jina lake, na wewe usimujibie.

Nina ombi moja, halafu ninakaa, miguu inachoka.

Wiki hii tunarudi hospitali, sisi wane. Safari hii nesi atanieleza mimi. Kuna sindano, kuna vidonge, kuna ule upasuaji, kuna kuacha tu. Nimeambiwa nitachukua muda wangu, na naweza kurudi tena kuuliza. Sijui nitasema nini. Bado. Yaya ana wazo lake, Papa mudogo ana lake, na ninyi, ninaona kwa nyuso zenu, tayari muna lenu.

Ndugu zangu, muniombee. Lakini musimuombe Mungu nichague kitu ambacho ninyi munataka. Muombeni tu nielewe vizuri. Mengine nitamwambia mwenyewe.

Mubaki na amani ya Bwana.